Abogoli Haiko Kwenye Ramani

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu kwa hilo na wala silionei haya, ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, nitajiuliza ile ya pili ilikuwa ya nini. Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa karani wa wakala wa forodha pale Malaba, upande wetu wa Kenya, nikipiga taipu fomu za malori yanayovuka kwenda Uganda, na kazi ile haimfundishi mtu kuamini. Dereva anakuambia amebeba sabuni, unafungua turubai unakuta kweli ni sabuni, halafu unabaki unashangaa mbona hakudanganya.

Kwa hiyo Titus Etyang alipofungua kibanda chake cha kuchora vibao mbele ya ofisi yetu, nilimtazama kwa jicho la upande. Alikuwa Mteso, wa kabila lililo pande zote mbili za mpaka, mrefu, mpole, mwenye rangi ya bluu isiyotoka kwenye kucha. Kazi yake ilikuwa safi, hilo sibishi. Herufi zake zilisimama wima zikapangana bila kusukumana. Lakini alikuwa na tabia moja iliyowatoa wateja jasho: ukimletea jina la mahali, hachori mpaka ajue limetoka wapi na nani alikuambia linaandikwa hivyo.

Mama Selpher, aliyekuwa na hoteli ya chai jirani yetu, alitaka kibao kwa jina la Rukala, kwa sababu alizaliwa Rukala, kule Budalang'i. Nilikuwepo.

"Unaandika na R ama na L, mama?" Etyang akamwuliza.

"Kwani iko na ngapi? Andika vile watu wanasema."

"Watu gani? Wengine nimesikia wanasema L, wengine wanasema R."

"Etyang, mimi nataka kuuza chai. Sitaki kufanya mtihani!"

Mama Selpher alisubiri kibao chake siku nne. Etyang aliuliza watu watatu wa kule, kila mmoja kwa siku yake, ndipo akashika brashi.

Ugonjwa huo aliupata kwa Mzungu. Kabla ya uhuru alimbebea vifaa mpimaji ardhi mmoja Mwingereza, na Mzungu yule alipofunga virago alimwachia kitabu kisicho na jalada, kilicholiwa na mchwa pembeni. Kitabu kizima kilikuwa cha majina ya miji ya Uingereza: yalikotoka, yalivyoandikwa zamani, mwaka gani, kwenye karatasi gani. Mtu mwingine angekitumia kufungia sukari. Etyang alikisoma kila siku saa ya chakula, kidole kikifuata mstari.

Siku moja nilikwenda kuazima kiberiti, akanishika mkono akanionyesha ukurasa wa mji wa York.

"Ona hapa, Ojiambo. Warumi walikuta watu hapo na jina yao, wakaiandika Eboracum. Baadaye wakaja hawa Waingereza wenyewe. Hiyo jina hawaielewi. Masikio yao ikasikia kitu kama nguruwe wa msitu, kwa lugha yao ya zamani eofor. Wakaandika Eoforwic, mahali nguruwe wa msitu anakaa. Na hiyo jina haikuwa imeanza na nguruwe!"

"Halafu?"

"Halafu wakaja watu wa Denmark na mashua, wao wakasema Jorvik. Ikatafunwa, ikatafunwa, sasa ni York. Mji ni ule ule. Kila mtu alikuja na sikio yake."

"Na inakusaidia nini wewe, hapa Malaba?"

Alicheka, akafunga kitabu. "Mimi nilidhani Mzungu alizaliwa akijua kuandika vizuri. Kumbe hata kwao walikuwa wanakosea."

Nilirudi kwenye taipu yangu nikijiuliza mtu mzima anapata faida gani kwa nguruwe ambaye hakuwepo. Hakuna mtu anayefanya kitu bure, nilijiambia. Kuna kitu anatafuta.

Si kusoma tu. Alikuwa na daftari lake pia, la jalada la kijani, alilolipigia mistari mwenyewe. Safu ya kwanza jina la mahali, ya pili lilivyoandikwa zamani, ya tatu mwaka, ya nne karatasi alikolikuta, ya tano mtu aliyeliandika. Jumapili alipanda baiskeli akaenda Chakol, akaenda hata Sio Port, akiomba kuona vitabu vya ubatizo, barua za machifu, magunia ya pamba ya zamani yenye maandishi. Safu ya tano ndiyo iliyomsumbua zaidi. Angeweza kuzunguka mwezi mzima akitafuta jina la karani aliyekufa, kwa sababu ya herufi moja. "Jina haijiandiki," alikuwa akisema. "Iko mtu alishika kalamu."

Na mimi niliingia kwenye daftari lile. Ilikuwa hivi. Kijiji alichozaliwa Etyang kinaitwa Apokor, nje kidogo ya Chakol, na mimi, ingawa ni Msamia, nilisoma shule pale, maana baba yangu alikuwa fundi wa kuezeka akahamia huko na kazi yake. Hatukujuana utotoni, yeye alilelewa kwa mjomba wake, Amukura. Nilipomwambia kwamba cheti changu cha shule kinasema Abogoli, na kwamba hilo ndilo jina la kweli la mahali pale, alipiga paja kwa furaha.

"Hiyo ni kosa ya mwalimu!"

"Kosa gani? Iko na muhuri."

"Mwalimu wenu alikuwa Mmaragoli. Mteso akimwambia Apokor, yeye anasikia kitu kama jina ya watu wa kwao, Abalogoli. Akaandika Abogoli. Huyo ndiye alisikia nguruwe wake, Ojiambo! Hata kadi yangu ya ubatizo iko na hiyo kosa. Padri alikuwa mbali, ng'ambo, Uganda. Mwalimu ndiye aliandika watoto kwa karatasi akatupeleka huko, na padri akanakili vile alikuta."

Akafungua daftari palepale akaandika: Abogoli. Mwalimu wa shule. Kosa. Mwenye cheti: Ojiambo, karani. Akanieleza kwa fahari kwamba kosa hilo halipo popote isipokuwa kwa watu wa mwalimu yule, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechora kibao kipya cha shule baada ya uhuru na kulirudisha jina sawasawa: APOKOR.

Neno lile Kosa lilinichoma. Jina nililoliimba asubuhi kila siku kwa miaka saba, limefutwa kwa brashi na mtu asiyesoma hata darasa moja pale, na sasa mimi nimeandikwa kwenye daftari kama mtunza makosa. Nilicheka naye. Moyoni sikucheka.

Ikaja Februari ya 1976. Redio ilitangaza kwamba mtawala wa Uganda anadai sehemu kubwa ya nchi yetu, kutoka mpakani mpaka karibu na Nairobi kwenyewe, akisema zamani ilikuwa ya Uganda na Waingereza ndio waliokata. Malaba nzima ilichemka. Madereva walilala chini ya malori yao bila kujua kama watavuka au watarudi. Watu walioolewa ng'ambo walianza kutazamwa vibaya. Mimi, ambaye hata siku ya amani sina amani, niliona kila mtu ana siri.

Na katikati ya mambo hayo, Titus Etyang anapanda baiskeli yake anakwenda kuwauliza wazee: kabla ya Wazungu mahali hapa paliitwaje? Na akina nani walikuwa wakikaa? Na jina hilo lilifika mpaka wapi?

Siku moja daftari lilikuwa wazi juu ya benchi, naye anasafisha brashi nyuma. Nikachungulia. Ukurasa ule alikuwa akinakili kutoka kile kitabu cha Mzungu. Nikasoma: Euruic, D.B. 1086. Chini yake maneno mengine yasiyosomeka, na tarakimu. D.B. ni nani? Elfu moja na themanini na sita ni nini, kama si askari? Najua, nilikuwa nimeshaelezwa habari za York. Lakini mtu anayejieleza kwa urefu namna ile bila kuulizwa, nilijiambia, anajitengenezea kisingizio mapema. Jioni ileile nikamwona akimpa dereva wa Uganda karatasi iliyokunjwa.

Nyumbani nilifunga mlango nikawaandikia polisi barua. Niliiandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa tupu, ili asijue mtu. KUNA MCHORA VIBAO HAPA MALABA. ANAKWENDA KUULIZA WAZEE WA ABOGOLI MIPAKA YA ZAMANI. ANAPELEKA KARATASI UGANDA. MIMI NI MPENDA NCHI. Nilikuwa na hofu ya kweli, Mungu anajua. Lakini nikisema ilikuwa hofu peke yake nitakuwa naongopa. Lile neno Kosa lilikuwa limekaa pale mezani pamoja nami.

Wiki ya pili polisi walimchukua Etyang. Msukosuko ule ulikuwa umeleta ofisi ya muda ya mabati kando ya barabara, na humo walimweka siku mbili. Mkewe, Ayoo, alikaa nje kwenye jiwe tangu asubuhi, chakula kwenye kikapu, hakuna aliyempokea. Nilipita mara nne kwenda na kurudi kazini. Mara zote nne nilitazama upande mwingine.

Siku ya tatu askari aliingia ofisini kwetu akaita jina langu. Nilijua wamegundua barua ni yangu.

Ndani alikaa inspekta mmoja aitwaye Kiprono, mtu wa Kericho, mgeni wa sehemu zetu, sauti yake haikupanda wala kushuka. Etyang alisimama mbele yake bila viatu. Mezani palikuwa na daftari la kijani, kitabu kisicho na jalada, kadi ya ubatizo, na barua yangu.

"Wewe ndiye Ojiambo, klaki?"

"Ndiyo, afande."

"Jina yako iko kwa hii daftari. Kaa."

Nikakaa. Hawakuniita kwa barua. Nilipumua, na papo hapo nikaona aibu kwamba nimepumua.

Kiprono alisukuma kile kitabu pembeni. "Hii maneno ya Euruic na nguruwe tumemaliza. Nimesoma mwenyewe. D.B. ni daftari ya mfalme wao ya zamani, ya kuhesabu mashamba. Karatasi ya dereva nayo ilikuwa ya kuuliza misheni spelling. Sawa. Watu wako na wazimu ya kila aina." Akachukua kadi ya ubatizo. "Shida yangu ni hii. Hii kadi imetoka misheni ya Uganda. Imesema huyu amezaliwa Abogoli. Nimetafuta kwa ramani ya serikali, Abogoli hakuna. Nimeuliza chifu, kijana mzuri, hajui Abogoli."

"Ni Apokor, afande," Etyang akasema taratibu. "Nimesema tangu juzi."

"Apokor naiona kwa ramani. Mimi nauliza Abogoli." Akainua barua yangu kwa ncha za vidole. "Na huyu mtu, ambaye hata hakutaja jina, anasema wewe unaenda kuuliza wazee wa Abogoli. Padri wa Uganda ameandika Abogoli. Huyu naye ameandika Abogoli. Watu wawili hawajuani, wameandika kitu moja. Basi Abogoli iko, na kama haiko Kenya, iko Uganda. Na wewe ni mtu wa huko."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kama ningeandika Apokor, inspekta angeona kijiji kwenye ramani yake, kilomita chache kutoka alipokaa, na mzee wa watu angerudi kwa brashi zake. Jina langu la shule ndilo lililomvusha mpaka.

"Kitambulisho yangu ni ya Kenya," Etyang alisema.

"Vitambulisho vinanunuliwa."

"Ndugu zangu wako Apokor. Uwaulize."

"Ndugu zako wako pande zote mbili. Watasema vile unataka. Daftari nayo umejiandikia mwenyewe." Akatazama saa. "Gari inaenda kwa daraja saa nane. Mtu wa Uganda atarudi kwao."

Hakuna mtu wa Malaba aliyehitaji kuelezwa maana yake. Wale askari wa ng'ambo wangempokea mtu aliyefukuzwa Kenya akiwa na daftari la majina ya vijiji, na wasingemwuliza habari za York. Huku alikuwa jasusi wao; kule angekuwa jasusi wetu. Ayoo alikuwa bado nje kwenye jiwe.

Kiprono akanigeukia. "Huyu anasema wewe ulisoma hapo na uliita hiyo mahali Abogoli. Ni kweli?"

Wakati huo Etyang alikuwa anaitazama barua. Aliitazama jinsi alivyotazama kila maandishi, herufi moja moja, kichwa kimeinama kidogo. Kisha akanitazama mimi. Hakukunja uso. Alikuwa amejua, na mimi nikajua kwamba amejua. Angesema neno moja tu: afande, aliyeandika barua hiyo ameketi hapo, na jina hilo alilitoa darasani kwake. Neno hilo lingemwokoa.

"Sikumbuki vizuri, afande," nikasema.

Nilisema hivyo. Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu, na kila nikiikumbuka natamani ardhi inimeze.

"Na wewe," Kiprono akamwuliza Etyang, "umeangalia hii barua sana. Umeona nini?"

"Naona herufi, afande. Ni kubwa."

Lori likapita nje likitetemesha mabati. Halafu Etyang akaniambia, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza wateja R ama L: "Ojiambo, ile cheti yako ya shule, bado uko nayo?"

Ningeweza kusema imeliwa na mchwa. Nani angenibishia?

"Iko kwa droo yangu," nikasema. "Ofisini."

Askari alinisindikiza. Nilipoifungua droo na kukishika kile cheti, karatasi ilikuwa imelainika kwenye mikunjo kiasi kwamba kuichana kungekuwa kazi ya vidole viwili. Sitaki kujifanya shujaa, nilifikiria kuichana. Kilichonizuia ni kwamba kutoka dirishani nilikiona kibanda cha Etyang, na kibao cha ibada ya Pasaka kimeachwa nusu, limeandikwa neno MALABA tu.

Kiprono alisoma cheti chote, pamoja na muhuri. Shule ya Abogoli, Chakol, wilaya ya North Nyanza, Koloni ya Kenya, 1949. Akakilaza mezani kando ya barua yangu, akalinganisha maneno yale mawili kwa kidole. Kidole kilikaa hapo muda mrefu.

"Hii Abogoli," akaniuliza polepole, "nani mwingine anaiandika?"

"Sisi wa ile shule tu, afande."

"Na hapa Malaba mko wangapi?"

Nilifungua mdomo. Etyang akanitangulia.

"Wako wengi, afande. Huwezi kumaliza kuhesabu."

Huyo ndiye mtu aliyekuwa akiuliza watu watatu kwa sababu ya R moja. Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akisema jambo ambalo hakulihakikisha, na baada ya siku ile sikumsikia akifanya hivyo tena.

Kiprono alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Akakunja barua akaitia mfukoni. "Mimi sijui mambo yenu ya huku," akasema. "Chukua viatu yako, mzee. Nendeni."

Nje, Ayoo alisimama akaangusha kikapu. Mimi nilipita kando kama mtu mwenye haraka. Sikuomba msamaha. Kwa wiki tatu nilipita nyuma ya ofisi ili nisikione kibanda kile, na nilianza kushuku kwamba ananichongea kwa watu, maana ndivyo ambavyo mimi ningefanya. Nilimpeleleza mama Selpher kwa maswali ya kuzunguka. Hakuwa ameambiwa kitu. Hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Halafu mchana mmoja Etyang akaniita kwa jina, mbele ya watu. Nikaenda. Daftari la kijani lilikuwa wazi juu ya benchi na kalamu juu yake.

"Nisaidie kuangalia kama nimeandika sawa," akasema, akaendelea kukoroga rangi.

Ulikuwa ukurasa wa Apokor. Kwenye mstari wa Abogoli, neno Kosa lilikuwa limepigwa mstari, na juu yake ameandika: Jina la shule. Chini yake palikuwa na mstari mpya. Abogoli. 1976. Barua, herufi kubwa. Safu ya tano, ya mtu aliyeandika, ilikuwa tupu. Niligeuza kurasa za nyuma, kisha za mbele, nikitafuta nafasi nyingine ambayo hakuijaza. Haikuwepo.

Nikachukua kalamu nikaandika jina langu lote, la ubatizo na la baba, pole pole, mahali palipobaki wazi.

Etyang akaja akainama juu ya ukurasa, akapuliza wino ukauke.

"Hii mkono inaandika vizuri," akasema, "kuliko ile ingine."